Aya Iliyojazwa Lumbesa

Hotuba kwa wanandoa, Uyole, Mbeya, msimu wa mavuno

Bwana Yesu asifiwe!

Wachungaji wetu, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliofunga ndoa juzi juzi, shikamooni wote ninaopaswa kuwaamkia, na waliobaki nawapa pole ya baridi. Mwezi wa sita hapa Uyole haumwonei mtu huruma. Nawaona akina mama mmefunga vitenge juu ya masweta, na akina baba makoti yamepanda mpaka masikioni. Ndugu zetu mliopanda basi kutoka Iringa na Makambako, kamwene. Mliopandisha kutoka Kyela na Tukuyu, ndaga fijo kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya nafasi ya mume na nafasi ya mke katika ndoa ya Kikristo. Mimi si mchungaji, wala sikusoma chuo cha theolojia. Ni mzee wa kanisa, mkulima wa viazi, na mume wa mke mmoja kwa miaka 31. Yupo hapa, benchi la tatu, upande wa dirishani. Jana usiku nilimsomea yote niliyoandika. Liko jambo moja linalomhusu yeye, nalo amenipa ruhusa nilitaje.

Nimefurahi kwamba semina hii imewekwa mwezi huu. Sisi tunaoketi na kesi za ndoa kanisani tunajua zina msimu wake. Wakati wa palizi kesi ni chache. Nyumba ina njaa, baba na mama wanaamka pamoja, wanashika jembe pamoja, wanarudi wamechoka pamoja. Kesi zinaanza kuja mahindi yakishuka, mpunga wa Kyela na Usangu ukishaingia ghalani, kahawa ya Mbozi ikianza kuchumwa. Hapo ndipo unabishiwa hodi saa kumi na mbili asubuhi, mama yuko mlangoni na mtoto mgongoni, anasema, "Mzee, baba watoto ameuza mzigo tangu juzi, na simu haipatikani." Mwaka mzima walikuwa wawili shambani. Fedha imeingia, amebaki mmoja.

Nanyi lumbesa mnaijua. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake linajengwa kichuguu kingine, linazungushiwa kamba, linashonwa, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo imeikataza, na bado ukisimama barabarani asubuhi unayaona magunia yakipandishwa kwenye fuso yamevaa vilemba. Mnunuzi anasema gunia ni gunia. Mkulima anajua kilichomtoka. Mithali 11 inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA."

Ndugu zangu wanaume, ile aya ya 22 ya Waefeso 5, "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu," tumeijaza lumbesa. Mungu aliweka kilo zake mle. Sisi tumeongeza zetu. Ndani ya kutii tumeshindilia kunyamaza, kutojua bei ya mazao, kutouliza umelala wapi, kuvumilia kofi, kutokwenda kusalimia kwao mpaka mwaka uishe. Kisha tukafunga kamba, tukaandika juu yake "Neno la Mungu." Leo nataka tufungue kamba hiyo, tumwage chini, tupime upya. Sitapunguza hata kilo moja aliyoiweka Mungu. Ninaamini mume ni kichwa. Ninaamini mke ameambiwa atii. Nimeishi ndani ya maneno hayo miaka 31 wala siyaonei haya. Kilichozidi ndicho nataka kitoke.

Fungueni Biblia zenu. Aya ya 21, kabla Paulo hajamtaja mke wala mume, inasema Wakristo wote wanyenyekeane kwa kumcha Kristo. Wanaojua Kiyunani wanatuonyesha kwamba katika nakala za zamani sana aya ya 22 haina kitenzi chake yenyewe. Inakiazima kutoka aya ya 21. Maana yake kutii kwa mke ni tawi la mti ule ule wa kunyenyekeana ambao mume naye ameketi juu yake. Tena sura ya 6, Paulo anapowaambia watoto na watumwa watii, anatumia neno jingine. Biblia yetu ya Kiswahili imeyatafsiri yote mawili kwa "watiini," ndiyo maana mwanamume wa kwetu akisoma anaona mke, mtoto na mtumwa wamesimama mstari mmoja. Paulo hakuwapanga hivyo.

Sasa hesabuni. Maneno ya mke yanaanza aya ya 22 yanaishia ya 24. Aya tatu. Ya mume yanaanza ya 25 yanakwenda mpaka ya 32. Aya nane! Katika dunia ile ya Wayunani na Warumi walioandika juu ya nyumba walimfundisha mwanamume namna ya kutawala mke, watoto na watumwa. Paulo anaandika barua ya kusomwa Efeso, mji wa watu hao hao, anamgeukia mwanamume, na neno kutawala halipo. Lipo "wapendeni," na kipimo chake kimewekwa hapo hapo: "kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake." Tafuteni katika aya zote nane mahali mume anapoambiwa amtiishe mkewe. Mimi nimetafuta kwa miaka. Kutii ameambiwa mke, kwa jina lake, na Bwana wake. Mume anayeichukua aya ile na kumpigia mkewe mezani amefungua barua isiyo yake, na ya kwake, ile ndefu, ameiacha bahashani.

"Lakini mzee, si imeandikwa mume ni kichwa?" Imeandikwa. Someni mpaka mwisho wa aya hiyo ya 23: "kama Kristo naye ni kichwa cha Kanisa, naye ni mwokozi wa mwili." Paulo alijua tutauliza kichwa maana yake nini, akaweka jibu palepale. Kichwa ni mwokozi. Ukitaka kujua nani kichwa katika nyumba, usitazame nani anaketi kiti chenye mto. Tazama usiku mtoto akishikwa na homa ni nani anayetoka kwenye baridi kutafuta bodaboda. Mwaka wa njaa, nani anakula wa mwisho. Deni likibisha hodi, nani anakwenda mlangoni.

Liko jambo la mahari, na hapa niwe wazi, maana nimelisikia kikaoni mara nyingi. Mwanamume anabanwa kwa kumtesa mkewe, anasimama anasema, "Nilitoa ng'ombe." Ana maana kwamba amenunua. Sawa, twende na hoja yake. Kristo naye alitoa. Matendo 20:28 inasema Kanisa lilinunuliwa kwa damu. Hakuna mwanamume wa Unyakyusa, Uhehe wala Ubena aliyewahi kutoa mahari ya namna hiyo. Haya, baada ya kulipa, alifanya nini? Rudini Waefeso 5, aya ya 26 na ya 27: analisafisha, analivika utukufu. Aya ya 29: analilisha na kulitunza. Aliyelipa kuliko wote ndiye anayeosha miguu, Yohana 13, amejifunga kitambaa kiunoni na beseni liko mkononi. Kwa hiyo ndugu yangu unayehesabu ng'ombe zako, hoja yako inakupeleka kwenye beseni.

Sasa lile jambo la nyumbani kwangu.

Mwaka wa nne wa ndoa yetu mama mkwe aliugua kule Kyela. Mke wangu akaenda kumuuguza, mtoto wetu wa pili akiwa bado ananyonya. Alikaa wiki tatu. Stoo tulikuwa na magunia 14 ya viazi. Tulilima pamoja, na kusema kweli sehemu kubwa ya kuinulia matuta aliifanya yeye, maana mimi nilikuwa nimepata kibarua cha ujenzi. Basi akapita dalali, fuso lina nafasi, bei nzuri. Nikauza yote, pamoja na mbegu tuliyokuwa tumeitenga pembeni. Simu za mkononi hatukuwa nazo, lakini basi la Kyela lilipita kila siku, na kikaratasi kwa kondakta kingefika jioni ile ile. Sikuandika. Moyoni nilijiambia, mimi ndiye kichwa. Nikanunua baiskeli mpya na redio ya kaseti.

Aliporudi nilikuwa nimekaa barazani, redio inaimba. Akanisalimia, akamlaza mtoto, akaenda stoo. Nikasikia komeo. Kimya kidogo. Kisha nikasikia ufagio. Nikainuka, nikachungulia. Alikuwa anafagia. Vile viazi vidogo vinavyodondoka wakati wa kujaza, vya ukubwa wa gololi, anaviokota kimoja kimoja, anakifuta udongo kwa kidole gumba, anakitia kwenye upindo wa kanga. Hakunitazama. Hakulia. Nadhani alikuwa anavihesabu, maana midomo yake ilikuwa inacheza. Akamaliza, akafunga mlango, akaenda jikoni, na baada ya muda akaniita, "Karibu chakula, baba."

Nilikula. Lakini tangu jioni ile maombi yakanikauka. Nilikuwa kiongozi wa jumuiya, kila wiki naongoza ibada kwenye nyumba za watu, na nikifika kwenye kuomba ulimi unakuwa mzito kama wa mtu mwingine. Nikafikiri nimerogwa, nawaambia ukweli. Nikamwendea mzee mmoja wa kanisa, sasa amelala katika Bwana. Hakuniuliza habari za uchawi. Aliuliza, "Viazi uliuza bei gani?" Nikamtajia. "Mkeo anajua?" Nikanyamaza. Akafungua 1 Petro 3, akaweka kidole kwenye aya ya 7, akaniambia nisome kwa sauti: "Kadhalika ninyi waume, kaeni na wake zenu kwa akili, na kumpa mke heshima, kama chombo kisicho na nguvu, na kama warithi pamoja wa neema ya uzima, kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe."

Nilikuwa nimeisoma mara ngapi? Macho yangu yaliishia kwenye "chombo kisicho na nguvu." Siku hiyo yakafika kwenye "warithi pamoja." Mrithi mwenzako huuzi urithi ukiwa peke yako. Na yakafika kwenye "kusizuiliwe." Mungu anasema yuko tayari kuufunga mlango wa maombi ya mwanamume kwa sababu ya jinsi anavyokaa na mkewe. Hakusema hivyo juu ya kuchelewa ibadani wala juu ya sadaka ndogo.

Nilirudi nikamwambia mke wangu bei, na fedha iliyobaki nikaiweka mkekani. Akauliza, "Na mbegu?" Nikasema, nayo niliuza. Akakaa, kisha akasema, "Basi mwaka huu tutakopa." Tulikopa mbegu kwa kaka yake, na kwenda kuomba nilikwenda mimi, kwa baiskeli ile ile. Tangu msimu ule fedha ya mavuno tunaihesabu wawili, mkekani, mlango umefungwa. Yeye hupanga za elfu kumi, mimi nasoma daftari. Hiyo ndiyo tafsiri yangu ya "kaeni na wake zenu kwa akili," sina nyingine.

Tuje kwenye neno "msaidizi." Mwanzo 2:18, "nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye." Siku hizi msaidizi kwetu ni mtu wa chini. Msaidizi wa fundi anachanganya zege. Msaidizi wa kazi za ndani anatumwa dukani. Basi tunasikia kwamba Hawa aliumbwa atumwe. Neno la Kiebrania ni ezeri, na ninyi mnalijua bila kujua kwamba mnalijua. Ebenezeri! Jina limejaa kwenye mabango ya maduka na majina ya kwaya. Samweli alisimamisha jiwe akaliita jiwe la msaada, 1 Samweli 7, na msaada wenyewe ulikuwa wa BWANA. Musa alimwita mwanawe Eliezeri kwa sababu Mungu alikuwa msaada wake. Zaburi ya 121, ile tunayoipenda sisi wa nyanda za juu tuliozaliwa tukitazama Rungwe na Loleza, "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Neno ni hilo hilo. Katika Agano la Kale mara nyingi anayeitwa ezeri ni Mungu mwenyewe, akija kumwokoa mtu aliyezidiwa. Kwa hiyo Mungu alipomtazama Adamu hakumwona bwana mkubwa anayehitaji wa kumtuma. Alimwona mtu aliyepungukiwa, akamletea msaada wa kusimama naye uso kwa uso. Ile "naye atakutawala" imekuja sura ya 3, baada ya dhambi, katika orodha moja na miiba, michongoma na jasho. Miiba tunaing'oa kila mwaka. Sijaona mkulima anayeimwagilia kwa sababu imetajwa katika Biblia.

Mama zangu, sasa nawageukia, na nitawaletea wanawake wawili.

Wa kwanza ni Safira, Matendo 5. Mumewe Anania aliuza mali, akaficha sehemu ya fedha, na mkewe akijua. Wakakubaliana kusema uongo mbele ya mitume. Mtu wa lumbesa angemsifu Safira: mke mwema, kauli yake na ya mumewe ni moja. Lakini Petro alimwuliza yeye peke yake, mumewe akiwa ameshazikwa. Alipewa nafasi yake, kwa kinywa chake, kusema kweli. Akasema alichosema mumewe. Akaanguka akafa. Mungu hakuhesabu ule kuwa utii.

Wa pili ni Abigaili, 1 Samweli 25. Mumewe Nabali amemtukana Daudi, na Daudi anakuja na watu 400 wenye panga. Abigaili anatwaa mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano, anapakia punda, anatoka. Na Biblia inasema wazi kwamba hakumwambia mumewe. Usiku anarudi, anamkuta amelewa. Anangoja mpaka asubuhi divai imtoke ndipo anamweleza. Hebu oneni akili hiyo. Aliiokoa nyumba yote, pamoja na mume mjinga ndani yake. Hakumwacha, hakumwaibisha kwenye karamu yake, wala hakumfuata shimoni. Mimi nikisikia "mke mtii" huyo ndiye ninayemwona. Mtii kwa Bwana kwanza, kwa hiyo mwenye faida kwa mumewe.

Na kwa sababu hiyo natamka mbele ya wachungaji: kipigo hakimo ndani ya gunia hili. Wakolosai 3:19 inamkataza mume hata uchungu moyoni, sembuse fimbo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Mama anayepigwa, usiambiwe na mtu yeyote, hata awe na kola ya uchungaji, kwamba kukaa kimya ni kutii. Njoo kwetu wazee. Nenda dawati la jinsia na watoto pale polisi. Ukimzuia mumeo asikuue, umemwokoa na damu.

Lakini, mama zangu, nanyi mna stoo zenu za siri. Miaka hii kesi zimebadilika sura. Zamani ilikuwa baba ameuza mazao. Sasa mara nyingi baba anarudi jioni anakuta vijana watatu wamebeba godoro na luninga, anaambiwa mama ana mkopo. Kausha damu. Marejesho ya kila siku, riba inayokula mtaji, na yeye hakujua hata shilingi moja. Najua sababu, nyingi ni za uchungu: mume hatoi hela ya matumizi, mtoto amerudishwa shule, ukaona bora ukope kuliko kuomba. Nakusikia. Hata hivyo Mithali 31, kabla haijamsifu yule mama kwa kununua shamba na kupanda mizabibu, inasema, "Moyo wa mumewe humwamini." Shamba alilinunua yeye, mizabibu akaipanda kwa mapato yake, na mumewe akalala usingizi. Huwezi kuwa ezeri wa mtu ambaye hajui mlango wake utavunjwa lini.

Na heshima, mama zangu. Pamoja na kutii kote, kuna wanawake wanaotimiza kila kazi ya nyumba na wakifika kwenye kikoba wanamvua mume nguo mbele ya wanachama wote: hana kitu, hajui kitu, mama yake ndiye anamtawala. Neno hilo linarudi nyumbani kabla yako. Aya ya 33 inaimaliza Waefeso 5 kwa kumwambia mke amstahi mumewe. Mwanamume wa kwetu haji kukueleza kwamba ameumizwa na neno. Anaanza tu kuchelewa kurudi.

Nimegusa habari ya mama mkwe, basi niseme machache. Mwanzo 2:24 inasema mwanamume atamwacha baba yake na mama yake. Mwanamume! Kwetu anayefungasha begi ni binti, kijana yuko palepale kwao na mama yake anapika bado. Wazee wa Kinyakyusa walilijua hili kwa njia yao. Zamani vijana walitoka kwa baba zao, wakajenga kijiji chao cha rika moja, wakaoa na kuleta wake zao huko, na mke wa kijana na baba mkwe wake waliepukana kabisa kwa miiko. Walifanya kabla wamisionari Wamoraviani hawajafika Rungwe mwaka 1891 na kitabu cha Mwanzo. Sisemi turudishe miiko ile. Ilimbana sana mke. Nasema kijana, nyumba iwe na mlango wake, na siri ya mkeo isivuke kwenda jiko la mama.

La mwisho, ambalo watu huniuliza kuliko yote. Tukishindwa kukubaliana, nani mwenye neno? Natamani ningejibu kwa aya moja. Nina 1 Wakorintho 7. Paulo anazungumza pale juu ya kitanda, jambo la ndani kuliko yote, mahali ambapo mwanamume wa Korintho, na wa Mbeya pia, angetarajia aambiwe kwamba amri ni yake. Paulo anasema mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Na kuhusu kunyimana anasema iwe tu kwa kupatana, tena kwa muda. Kama kitandani ni kupatana, shambani itakuwaje? Ibrahimu, baba wa imani, alipochukizwa na shauri la mkewe Mungu alimwambia, Mwanzo 21, kila akuambialo Sara, sikiliza sauti yake. Kwa hiyo nyumbani kwangu tukikwama tunalala nalo. Ikibidi tunalala nalo mara tatu. Zipo siku chache, nazikumbuka zote, ambapo dalali yuko mlangoni au mgonjwa yuko kitandani na lazima mmoja aseme. Siku hizo nasema mimi, na likiharibika nalibeba mimi, mbele ya watoto na mbele ya ukoo, bila kumnyooshea kidole. Hiyo ndiyo sehemu ya kichwa. Kuna mwaka nilisema tupande mahindi matupu tuache viazi, mvua ikakatika mapema. Hakunikumbusha hata siku moja. Nilimkumbusha mimi, nikamwomba radhi.

Wapishi wamenionyesha ishara kwamba wali bado hauko tayari, tuna kama nusu saa. Sitaitumia kuhubiri. Tokeni nje, kila mume na mkewe, kuna jua kidogo upande ule wa mikaratusi. Baba, mwambie mama watoto msimu huu umeuza magunia mangapi, kwa bei gani kila moja, na iliyobaki iko wapi. Mama, kama kuna marejesho yanayokunyima usingizi, taja kiasi chake chote, usipunguze. Asiwepo wa kupandisha sauti. Wajane na mliokuja peke yenu, ninyi njooni huku mbele tukae pamoja na wachungaji, tuwaombee walioko nje.